Kufua na Kukunja: Habari za Chuma na Bati Nchini Rwanda

Msafiri aendaye Bugesera kutoka Kigali hupita Gahanga, katika wilaya ya Kicukiro, kabla barabara haijateremka kwenye daraja la mto Nyabarongo. Wageni wengi siku hizi huijua Gahanga kwa kiwanja cha kriketi kilichofunguliwa mwaka 2017. Sisi twaijua zaidi kwa kelele. Pana pale agakiriro, yaani mahali walipokusanywa mafundi wa mbao na wa chuma wafanye kazi zao pamoja, na tangu asubuhi nyundo hulia juu ya bati hata mtu asiweze kumsikia jirani yake. Huko ndiko tulikowapeleka wanafunzi wetu siku moja, kila mmoja na daftari lake, waandike kwa Kiswahili majina ya kazi watakazoziona.

Kazi ilianza vizuri kwa majina ya vitu: nyundo, msumeno, mkasi, waya. Kisha mwanafunzi mmoja akasimama mbele ya mzee aliyekuwa akiponda kipande cha chuma kilichotoka motoni, akauliza, "Mwalimu, gucura kwa Kiswahili ni nini?" Tukajibu upesi, "Kutengeneza." Akamwonyesha kijana aliyekuwa akipinda ukingo wa bati. "Na yule?" Tukasema, "Naye anatengeneza." Akamgeukia wa tatu, aliyekuwa akilibonyeza bati juu ya gogo lenye shimo ili liwe kama bakuli. Safari hii hakungoja jibu. Aliandika mwenyewe "kutengeneza" mara ya tatu, akafunga daftari kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyotuuma, na makala haya yametokana nayo.

Tuanze na neno lenyewe. Gucura ni kufua. Wanafunzi wetu wa mjini hulijua neno hili kwa nguo tu, na wenzetu wa pwani hulijua kwa nazi pia. Walakini katika matumizi yote hayo limo tendo la mkono wenye nguvu: nguo hupigwa na kusuguliwa, nazi hukazwa juu ya kifuo mpaka kumbi litoke, na chuma hupondwa juu ya fuawe. Ndiyo maana tuna mfua chuma, mfua fedha na mfua dhahabu, na hatuna "mtengeneza dhahabu".

Mtu asiyezoea mambo ya lugha ataona kwamba cura na fua hayafanani hata kidogo. Na atazame tena. Kinyarwanda husema imvura, Kiswahili mvua. Kinyarwanda inzara, Kiswahili njaa. Ile r ya katikati imepotea katika Kiswahili. Iondoe katika cura, itabaki cua. Sasa mkuki kwa Kinyarwanda ni icumu, na katika Kiswahili cha kale ni fumo (hatusemi fumo la cheo, lile la wafalme wa Pate na Ozi). Basi cu ya huku ni fu ya kule. Ukizitumia kanuni hizi mbili pamoja, cura na fua hujitokeza kuwa neno moja lililolelewa katika nyumba mbili. Wataalamu wa lugha za Kibantu, akiwamo Malcolm Guthrie katika vitabu vyake vya miaka ya 1967 hadi 1971, wameurudisha mzizi wake hadi kwenye umbo la kale la tud. Tena nyundo ni inyundo, na chuma ni icyuma. Mhunzi wa Rwanda na mhunzi wa Mrima wangalikutana miaka 300 iliyopita, pasingalikuwa na haja kubwa ya mkalimani mbele ya moto.

Jambo hili lina uzito, kwa kuwa wapo hata leo watu wanaodhani kwamba ufundi wa chuma uliletwa Afrika ya Mashariki kwa meli, pamoja na bunduki na shanga. Lugha yakanusha, na ardhi nayo yakanusha. Katika vilima vya kusini mwa Rwanda, kuzunguka mji wa Huye ambao zamani uliitwa Butare, wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya matanuri ya chuma pamoja na vyungu vya namna ile inayoitwa Urewe. Jean Hiernaux na Emma Maquet waliandika habari zake mwaka 1960. Baadaye Francis Van Noten na Marie-Claude Van Grunderbeek waliendelea na kazi hiyo. Vipimo vya makaa vimetoa tarehe nyingi za karne za kwanza baada ya Kristo. Vingine vimerudi nyuma mpaka karne ya 7 kabla ya Kristo, na hivyo wataalamu bado wanavibishania. Tukichukua zile tarehe zisizo na ubishi peke yake, bado twapata ufundi uliokwisha kuwako huku kabla miji ya mawe ya pwani yetu haijajengwa. Na katika Kinyarwanda mawe ya chuma huitwa ubutare.

Hapa tunalo shauri dogo kwa waandishi wa vitabu vya shule. Vitabu vingi husema kwamba wahenga "waliyeyusha" chuma. Chuma huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,538 za Selsiasi, na tanuri la udongo la mhunzi halikukusudiwa kukifikisha huko. Lililofanyika ni jambo la akili zaidi. Mawe ya chuma na makaa ya miti yalipangwa pamoja, mivukuto ikapuliza hewa kwa mabomba ya udongo, na moshi wa makaa ukaing'oa oksijeni katika mawe yale. Takataka za mawe ndizo zilizoyeyuka zikatiririka. Hizo twaziita mavi ya chuma, jina ambalo walimu wengine huona haya kulitamka darasani, nasi hatuoni haya. Chuma chenyewe kilibaki bonge lenye vitundu, mfano wa mkate uliokaangwa vibaya. Bonge hilo halifai kitu mpaka lifuliwe: litiwe motoni, lipondwe, lirudishwe motoni, lipondwe tena, hata uchafu utoke na chembe zishikane. Kwa hiyo kazi yote ya mhunzi ilikuwa kukigeuza chuma umbo kingali kigumu, kwa joto na pigo, pasipo kukimwaga katika kalibu kama afanyavyo msubu shaba.

Mwaka 1976 huko Buhaya, upande wa Tanzania, wazee waliokuwa wamefanya kazi hiyo katika ujana wao walijenga tanuri upya mbele ya mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt. Yeye na mwenzake Donald Avery walitangaza habari hiyo katika jarida la Science mwaka 1978, wakaeleza kwamba mabomba ya udongo yaliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hata hewa ikapata moto kabla ya kufika kwenye makaa, na kwamba kilichopatikana kilikuwa na sifa za chuma cha pua. Ulimwengu ulistaajabu. Wale wazee, twadhani, walistaajabia ule mstaajabu.

Katika Rwanda ya wafalme mhunzi hakuwa mtu wa kupuuzwa. Masimulizi humtaja Gihanga, mfalme wa mwanzo, kuwa ndiye aliyeleta moto, ng'ombe na ufundi wa chuma. Na jina lake hutokana na guhanga, yaani kuumba au kubuni. (Wanafunzi wetu hupenda kulifungamanisha na Gahanga. Majina kufanana si ushahidi: agahanga kwa Kinyarwanda ni fuvu la kichwa, na hatukuona sababu ya kuwaharibia wenyeji jina lao kwa ajili ya hadithi nzuri.) Nyundo ilikuwa miongoni mwa alama za ufalme. Kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipochimbuliwa huko Gaseke mwaka 1969, nyundo za chuma zilikutwa zimewekwa kichwani pake. Mkulima wa kawaida naye alilijua thamani ya chuma kwa jembe, isuka, ambalo liliingia hata katika mahari. Jembe lililokwisha kulika halikutupwa. Lilirudishwa kwa mhunzi likawa kisu.

Tungependa msomaji ashike mkuki wa kale mkononi, au angalau autazame nyuma ya kioo katika jumba la makumbusho la Huye. Mikuki mingi ya bara letu haina bapa tupu. Ama ina mgongo uliosimama katikati, ama upande mmoja wa bapa umebonyea na upande wa pili umevimba, na nyuma yake imebadilishana. Watu wengine hudhani ni pambo. Si pambo. Bapa jembamba lililonyooka hupinda kirahisi; lakini likifanyiwa bonde na tuta, hukataa kupinda, ingawa halikuongezwa hata chembe moja ya chuma. Mhunzi alikuwa akipata ugumu kwa umbo badala ya uzito, maana chuma kilikuwa adimu na mkono wa mtupaji huchoka. Tuliweke jambo hili akilini. Tutalikuta tena juu ya paa.

Mwaka 1829 Henry Robinson Palmer wa London alipata hataza ya kutengeneza mabamba ya chuma yenye mabonde na matuta. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata yake ya kukizamisha chuma katika zinki iliyoyeyuka ili kisishikwe na kutu. Kwa mawili haya lilizaliwa bati tulijualo, na lilienea ulimwenguni kwa sababu moja ya kijinga kabisa: hulaliana. Mabati 100 yakipangwa hukaa mahali padogo, kwa kuwa kila tuta huingia katika bonde la mwenzake. Meli zilijaa, magari ya moshi yakajaa. Nairobi ilipoanza mwaka 1899 penye kituo cha reli, ilikuwa mji wa mabati. Reli haikufika Kigali, wala haijafika mpaka leo. Kigali aliyoianzisha Richard Kandt mwaka 1907 ilikuwa mbali na bandari, na kila bamba la mwanzo lilifika kwa vichwa na mabega ya wapagazi, likiwa la thamani kwa sababu hiyo.

Na kanuni ya bati la Palmer ni kanuni ile ile ya mkuki: bonde na tuta, ugumu kwa umbo. Hatusemi kwamba Palmer aliona mkuki wa Mwafrika. Twasema kwamba mhunzi wa Rwanda, bati lilipofika, angaliweza kueleza kwa nini lina mawimbi, lau mtu angalimwuliza.

Hakuna aliyemwuliza. Majembe ya viwanda vya Ulaya, na vyuma chakavu vya kila namna, vilikuwa rahisi kuliko siku nyingi za kuchimba mawe, kuchoma makaa na kupuliza mivukuto. Na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 matanuri yalizimika moja baada ya jingine. Mhunzi hakufa, alibadilika. Zamani alikuwa mzazi wa chuma. Sasa akawa mlezi wa chuma kilichozaliwa kwingine. Akafua springi za motokaa zikawa visu, akakata mapipa ya mafuta yakawa mabirika, ndoo, na majiko ya makaa ambayo hapa huitwa imbabura. Makopo yakawa taa: Kinyarwanda huiita agatadowa, Waganda tadooba, nasi kibatari au koroboi. Huko Nairobi mafundi wa Kamukunji waliofanya kazi hiyo bila kivuli walipata jina la jua kali, na jina hilo limeenea kuliko mabati waliyoyakunja.

Ipo sehemu ya historia hii ambayo mtu angependa kuiruka. Panga ni bapa la chuma lililoviringishwa, likakatwa, likatiwa makali. Ni chombo cha shamba. Taarifa ya Human Rights Watch ya mwaka 1999 ilieleza kwamba kati ya Januari 1993 na Machi 1994 mapanga 581,000 yaliingizwa Rwanda. Mwezi uliofuata yalianza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Ukiivuka Nyabarongo kutoka Gahanga na kuendelea mpaka Nyamata, utaingia katika kanisa ambalo sasa ni mahali pa ukumbusho, na tangu 2023 limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tazama juu. Paa ni la bati, na mwanga wa jua hupenya kwa matundu mengi madogo yaliyotobolewa na risasi na vipande vya guruneti. Tulipokwenda na wanafunzi hatukuwapa kazi ya kuandika majina.

Baada ya hayo nchi ilijengwa upya, na ilijengwa kwa mabati. Kampeni ya kuondoa nyumba za nyasi, zile zilizoitwa nyakatsi, ilifikia kilele chake mwaka 2011. Mabati yaligawiwa kwa maskini wengi, ingawa wapo waliolalamika kwamba nyasi ziliondolewa kabla bati halijafika. Neno lenyewe, amabati, Kinyarwanda kimelichukua kutoka kwetu pamoja na wingi wake. Mafundi nao walikusanywa mahali pamoja. Hapo kwanza makusanyiko hayo yalijulikana kwa jina la Gakinjiro, jina ambalo sikio la Mswahili husikia ndani yake kuchinja. Likabadilishwa kuwa agakiriro, kutoka gukira, yaani kupona au kupata mali. Ni mara chache serikali huajiri lugha kwa kazi ya namna hii, na hapa twaona ilifanya vyema.

Turudi basi Gahanga, kwa maana tulirudi, juma la pili, na orodha mpya. Safari hii tulikaa saa nzima mbele ya fundi mmoja anayeunda majiko, tukamwomba afanye polepole.

Kwanza alichora alama kwa msumari, akakata kwa mkasi wa bati. Akatoboa matundu ya hewa. Kisha akakunja, na hapa ndipo tulipojifunza. Alitaka pembe mraba, lakini alilikunja bati kupita mraba. Alipoliachia, lenyewe likarudi nyuma kidogo likasimama mraba sawasawa. Bati hunesa. Chuma kikipindwa kidogo hurudi kilivyokuwa. Kikipindwa kupita mpaka wake hubaki kimepinda, ila hakisahau kabisa, hurudi kwa kadiri ndogo, na fundi hana budi kuijua kadiri hiyo. Hutofautiana kwa geji. Geji 28 ina unene kama wa milimita 0.38, geji 30 kama milimita 0.32, namba ikiongezeka bati hupungua unene, jambo linalowachanganya wanunuzi wengi, na wauzaji wachache hawana haraka ya kuwaelewesha. Fundi hakutumia kipimo. Alilinesesha bati mara moja kati ya vidole, akajua.

Halafu aliviringisha ubavu wa jiko juu ya bomba nene la chuma. Sakafu ya jiko aliibonyeza juu ya gogo lenye shimo, akianza katikati na kuzunguka kwenda nje, pigo kando ya pigo. Baada ya mapigo mengi sauti ya bati ilibadilika ikawa kali. Akaacha, akalipeleka motoni mpaka likawa jekundu, akaliacha lipoe, akaanza tena. Tukamwuliza sababu. Akasema limechoka kwa kupigwa, limekuwa gumu, na likilazimishwa litapasuka. Moto hulirudishia ulaini. Hivyo ndivyo walivyofanya wafua chuma wa zamani, na ndivyo wanavyofanya wahandisi wa viwanda vikubwa, isipokuwa wao hutumia tanuri la umeme na mashini yenye uzito wa nyundo 10,000. Rola zitiazo mawimbi katika bati la paa hufanya kazi ile ile ya kupinda: bati bapa huingia upande mmoja, kila jozi ya rola huliinamisha kidogo, wala si kwa mkupuo, mpaka linatoka upande wa pili likiwa na mabonde yake.

Daftari la mwanafunzi wetu sasa lina: kukata, kutoboa, kufua, kuponda, kukunja, kuviringisha, kubonyeza, kunyoosha, kupiga ribiti. Palikuwa na mabishano juu ya gusudira, neno la Kinyarwanda lililotoka Kifaransa. Wengine walitaka kulehemu, wengine kuchomelea. Tukaamua kwamba pale fundi anapoyeyusha lehemu kuziba kopo, ni kulehemu. Na pale anapotumia umeme kuunganisha chuma kwa chuma, ni kuchomelea. Waliridhika, ila mmoja.

Umebaki mstari mmoja mtupu. Mwishoni fundi aliunga ubavu wa jiko pasipo moto wala ribiti: alikunja kila ukingo ukawa kama ndoana, akazishikanisha ndoana mbili, akaziponda zikalala pamoja, na mshono ule haukuachia hata tulipouvuta kwa mikono miwili. Kamusi tulizo nazo shuleni hazikutupa jina lake, na "mshono" peke yake twaona ni la nguo. Msomaji aliyepata kulisikia jina la kazi hiyo kwa mafundi wa kwao, iwe Tanga, Kigoma, Bukavu au Mombasa, tafadhali atuandikie kwa anuani ya jarida hili.